Boti Haina Breki

Mwanamume wa miaka hamsini na sita kupinduka majini mbele ya binti yake si jambo la kuchekwa, lakini watu walicheka, na kusema kweli hata wewe ungecheka. Ila usicheke bado. Ngoja kwanza umjue.

Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva. Kwa miaka ishirini na minane alikaa kwenye kiti cha kando ya dereva, ndani ya kigari cheupe chenye herufi kubwa juu ya paa, miguu yake ikielea juu ya klachi na breki za akiba, zile zinazofungwa upande wa mwalimu. Wanafunzi walimwita Breki, na jina likamganda hadi majirani wakalichukua, hadi mashemeji. Maana yule bwana hakuwa na subira ya kungoja kosa litokee. Mwanafunzi akiwaza tu kukosea, mguu ulikwisha kushuka, na watu wote garini wanarushwa mbele kama magunia ya viazi. Kisha unasikia sauti yake kavu: "Umeua mtu. Ungekuwa peke yako, sasa hivi umeua mtu."

Kila safari alichukua wanafunzi wanne: mmoja kwenye usukani, watatu kiti cha nyuma wakingoja zamu na kutoka kijasho chembamba. Ukikosea mara tatu, alikuambia neno moja tu: "Shuka." Unashuka, unajikunja nyuma, mwenzako anakuja mbele. Wenyewe waliita kushushwa. Watu wazima na vyeo vyao walishushwa wakalia. Lakini mtihani walifaulu, hilo halina ubishi, na mtu ambaye wanafunzi wake wanafaulu nani atamkanya? Hakuna aliyemkanya. Mkewe alijaribu mara moja mbili, akaambiwa barabara haimjui mtoto wa mtu.

Basi binti yake wa pekee alipofika miaka kumi na minane, akapanda gari lile kama mwanafunzi wa nne. Siku hiyo walikuwa kwenye njia panda ya mlimani, ile yenye taa zinazowaka kijani kwa muda mfupi kama mtu anayekonyeza. Gari likamzimikia. Akawasha, likazima. Akawasha tena, likarudi nyuma kidogo, likazima. Nyuma yao foleni na honi. Breki akavuta breki ya mkono, akasema, "Shuka." Binti akashuka, akashika mlango wa nyuma ili aingie. Baba yake akaufunga kwa ndani. Akamwambia kupitia dirishani kwamba asiyejua kuendesha sharti ajue kutembea, akamwita mwanafunzi mwingine mbele, gari likaondoka. Kilomita nne binti yule alitembea, kwa viatu vya darasani, jua la saa saba.

Hapo labda ungesema hasira ni hasara, mtu hukosea. Lakini ngoja. Jioni ile walikuja wageni, naye Breki akawasimulia kisa chote sebuleni, akiiga sauti ya gari kuzimika, na jinsi binti alivyobaki kaduwaa katikati ya magari. Watu wakashika mbavu. Kisa kikawa kizuri, akakisimulia tena wiki iliyofuata, na harusini kwa mpwa wake, na hata mwaka uliofuata, binti mwenyewe akiwa jikoni anapanga vikombe kwenye sinia. Mwaka huo huo binti akafunga begi, akaenda kusomea kazi za hoteli mji wa mbali, na hakurudi tena. Kwa mama alipiga simu kila Jumapili. Kwa baba, kimya.

Miaka mitano, mwenzangu. Miaka mitano Breki alikaa kila Jumapili sebuleni akijifanya anasoma gazeti, masikio yote yako jikoni, akiokota vipande vya maisha ya mwanawe kama kuku anayeokota punje. Ndivyo alivyojua kwamba amepata kazi kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa. Ndivyo alivyojua kwamba anafundisha wageni kuendesha boti ndogo za tanga. Alipoisikia hiyo ya kufundisha, alitoka akaenda kusimama uani. Mkewe alimkuta huko anapangusa gari lililokuwa safi tayari.

Alitaka jambo moja tu: binti arudi nyumbani. Hata kwa siku mbili. Alishapaka rangi upya chumba chake, akabadilisha na kitasa kilichokuwa kinakwama. Usiku akitaka kumpigia simu alianza kutunga la kusema, na kila alilotunga lilitoka kwa sauti ya garini. Akaacha.

Mwaka huu mkewe akachoka. "Tunakwenda likizo," alisema, huku anakunja nguo. "Wiki moja. Hoteli ile."

"Amekubali niende?"

"Amesema hoteli si ya kwake, hawezi kumkataza mgeni."

Kwa Breki hayo yalikuwa maneno matamu kuliko yote aliyosikia kwa miaka mitano.

Walipofika, binti aliwapokea mbele ya hoteli, fulana ya bluu yenye nembo, ngozi imeiva kwa jua. Alimkumbatia mama yake wakayumba wote wawili kwa kicheko na machozi. Kisha akamgeukia baba yake, akampa mkono. "Karibu. Chumba chenu kiko ghorofa ya pili. Safari ilikuwa njema?"

"Njema," alisema Breki, akainama kuokota mabegi.

Chumbani, mkewe alimtupia karatasi kitandani. Ilikuwa orodha ya darasa la tanga kwa watu wazima, siku tano, saa tatu asubuhi hadi saa sita, na jina lake lilikuwa limeandikwa.

"Mimi? Mke wangu, mimi kuogelea kwenyewe ni kwa kubahatisha!"

"Utavaa jaketi la kuelea. Nje ya darasa hatakuongelesha, baba watoto, nimeshamuuliza. Ndani ya darasa hana budi. Ni kazi yake. Maji umeshayavulia nguo, yaoge."

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Breki alikuwa amesimama ndani ya banda la maboti, lenye harufu ya kamba mbichi na mafuta ya mashine, kavaa jaketi la rangi ya chungwa lililombana tumbo hadi akapumua kwa zamu. Ukutani majaketi mengine yalining'inia kwenye misumari yenye namba. Kwenye ubao binti alikuwa amechora boti kwa chaki na mshale mkubwa wa upepo. Wanafunzi walikuwa sita. Breki alipangwa na daktari wa meno, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa anacheka kabla hajasema la kuchekesha.

Binti alieleza kwa sauti ya chini. Usukani wa boti, alisema, ni huu mti mnaoushika kwa mkono, na unafanya kinyume: ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Kamba hii inashika tanga. Ukiivuta, tanga linakamata upepo, boti inakimbia. "Na mkiogopa, achieni kamba. Msifanye kingine chochote. Tanga litapigapiga, boti itasimama yenyewe. Kuna swali?"

Breki akanyoosha mkono. "Breki iko wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko, wakidhani anatania. Alikuwa anauliza kweli.

"Boti haina breki," alisema binti, na akafuta ubao.

Majini mambo yalikuwa mabaya kuliko alivyodhani. Alipokuwa yeye kwenye usukani, boti ilikwenda kila mahali ila alipotaka. Ikitikisika kidogo tu, alivuta kamba kwa nguvu zake zote, na mguu wake wa kulia ukagonga sakafu, du! Hewa ilivyozidi kujaa tangani ndivyo boti ilivyozidi kulala ubavu, naye akazidi kuvuta, na mguu ukazidi kugonga, du, du, du. Binti alikuwa pembeni kwenye mtumbwi wenye injini, kipaza sauti mkononi. "Boti namba tatu, achia kamba. Achia kamba. Achia." Hakuachia. Vidole vyenyewe vilikataa. Ungemkata mkono ndiyo kamba ingetoka.

Walipobadilishana zamu, ikawa balaa. Daktari wa meno alikuwa na mkono mwepesi. Akaishika boti ikatulia, wakateleza vizuri, mama wa watu akaanza hata kuimba. Mbele yao kulikuwa na boya jekundu, mbali bado, nafasi tele. Lakini Breki alishaliona, na miaka ishirini na minane ikamwamka mwilini. Mguu ukashuka, haukukuta kitu. Basi akafanya alichokuwa akifanya mguu unaposhindwa: akaurukia usukani, akamnyang'anya mwanamke wa watu, akauzungusha kwa nguvu zote upande ambao ungekuwa sahihi garini. Lile gongo la chini ya tanga likapita juu ya vichwa vyao kwa mvumo, na kufumba na kufumbua wote wawili walikuwa majini, boti ubavu juu, kofia ya daktari inaelea peke yake.

Gatini watu walicheka hadi wakakaa chini. Daktari mwenyewe, akitema maji, alicheka kuliko wote. "Kaka yangu," alisema, "wagonjwa wangu hunishika mkono nikiwa na koleo mdomoni mwao, lakini wewe umewashinda!"

Breki hakucheka. Alikuwa anamtazama binti akija na mtumbwi, na alikuwa analingoja lile neno, "Shuka." Alistahili kuambiwa. Angelisikia tu angejua kwamba sasa yamelipana, kwamba wameanza kuwa sawa.

Binti alizima injini, akawasaidia kuisimamisha boti, akakagua kama daktari hakuumia. Kisha akasema, polepole, "Namba tatu, mwenzako akiwa kwenye usukani, wewe kazi yako ni kukaa. Rudini mjaribu tena." Na akaondoka.

Jioni hiyo Breki alikaa ukingoni mwa kitanda, taulo mabegani, hataki kula. "Angenifokea," alimwambia mkewe. "Kwa nini hakunifokea? Mimi ningefoka!"

"Najua ungefoka."

"Ananitesa kwa upole. Ananitazama kama mteja."

Mkewe, aliyekuwa anachana nywele mbele ya kioo, hakugeuka. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana. Wewe umekaa siku moja tu. Yeye alikaa miaka kumi na tisa." Kisha akaona amechoma sana, akaja akamkausha kichwa kwa taulo, kama mtoto.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano upepo ulikuwa mdogo, akafaulu kwenda mstari mmoja ulionyooka, akageuka kwa furaha kuona kama binti ameona, na kwa kugeuka huko akaigonga boti ya wenzake. Kila darasa likiisha alijikokota, akabaki bandani wengine wakiondoka, akijifanya anahangaika na vifungo vya jaketi.

"Mwanangu."

"Kuna swali la somo?"

"La somo, hapana. Nilitaka…"

"Basi tuonane kesho saa tatu." Na alianza kukunja matanga, akipima kila kunjo kwa kiganja, wala hakuinua macho tena. Breki alisimama akaona jinsi kunjo zilivyolingana, akatamani kumwambia kwamba ni kazi nzuri. Jamani, ni neno gani jepesi kuliko hilo? Hakuwahi kulitumia. Akaenda nalo hadi chumbani.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Kila mmoja aende peke yake, azunguke boya jekundu, arudi gatini. Daktari wa meno alikwenda akarudi kama amezaliwa majini, akapigiwa makofi. Wote watano walipomaliza, binti akasoma kwenye karatasi yake: "Namba tatu."

Breki akapiga moyo konde, akaingia. Kwenda kulikuwa rahisi, upepo ulikuwa mgongoni. Boya alilizunguka, kwa upana wa uwanja wa mpira, lakini alilizunguka. Ndipo akaielekeza boti moja kwa moja gatini, kama unavyoelekeza gari nyumbani, na huo ndio ulikuwa msiba wake. Upepo ulikuwa unatoka gatini. Boti ikasimama. Tanga likapigapiga kama nguo kwenye kamba, kisha pole pole, bila kelele, boti ikaanza kurudi nyuma.

Akavuta kamba, hakuna. Akaachia, hakuna. Akasukuma usukani huku, akausukuma kule, mguu ukagonga, du. Aliona gati linavyopungua, watu wamekuwa wadogo, mkewe kajishika kiuno. Alikuwa mtu mzima, baba wa mtu, mwalimu wa watu elfu na ushee, na hakuwa na kitu kimoja cha kufanya. Akakaa chini kwenye maji yaliyojaa sakafuni, akasikia machozi yanakuja.

Injini ikasikika. Binti akafika hatua kama kumi hivi kutoka pale, akaizima, akakaa.

"Nitupie kamba!" Breki alipiga kelele. "Nivute!"

"Unataka nikuvute?"

"Ndiyo!"

"Nikikuvuta, imeisha. Nikikungoja, unaweza kurudi mwenyewe. Mimi naweza kungoja. Sina haraka."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Breki kwamba hana haraka. Na yeye hakuwahi kumwambia mtu. Likamvunja, nakwambia, likamvunja vipande, na yote yakamtoka kwa mara moja, kwa sauti ya kufika hadi gatini.

"Nilikufungia mlango! Ulikuwa umeshika mlango nikakufungia! Halafu nikakufanya kichekesho mbele ya watu, na nilikuwa nakuona pale jikoni, nilikuwa nakuona, nikaendelea! Nisamehe. Nisamehe mwanangu, sijui kitu. Wala sikujua kufundisha. Nilijua kutisha tu."

Maji yaligonga mbavu za boti. Binti alikuwa ameinamisha uso. Alipouinua, alikuwa amerudia ile sauti yake ya ubaoni.

"Sukuma tanga mbali nawe, kwa mkono. Sawa. Sukuma na usukani mbali nawe. Sasa usifanye kitu. Ngoja."

Akangoja. Boti, ikiwa bado inarudi nyuma, ikaanza kugeuza pua yake kidogo kidogo.

"Vuta usukani kwako. Na kamba, taratibu."

Tanga likajaa. Breki akasikia boti inaamka chini yake. Akaenda upande mmoja kwa mshazari, akageuza, akaenda upande wa pili, akageuza tena, kama mtu anayepanda mlima kwa kuzunguka, na binti nyuma yake, mbali, hasemi neno. Alipoligusa gati, daktari wa meno alipiga vigelegele, mkewe alikuwa analia waziwazi, naye Breki alitoka mbio kwa kujikwaa, kifua kimejaa furaha kama mtoto aliyeshinda. Aliona yamekwisha. Amesema, amesikika, amerudi. Nani asingeona hivyo?

Akamngoja binti afunge mtumbwi. Wengine wakajiondoa, wana adabu zao.

"Njoo nyumbani," alisema. "Si kuhamia. Siku mbili tu. Tutaondoka wote kesho."

"Nilishakusamehe zamani, baba," alisema binti. "Si hilo."

"Basi ni nini?"

Binti akavua glavu zake, akainyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja chini. Ilikuwa inatetemeka. Haikuwa kwa sababu ya baridi, jua lilikuwa kali. Ilitetemeka kuanzia vifundo hadi kwenye kucha, na yeye mwenyewe aliitazama kama ya mtu mwingine.

"Toka Jumatatu," alisema. "Nikiwa na wanafunzi wengine, haina tatizo. Nikisikia sauti yako tu, hata ukisalimia, inaanza. Nimefundisha wiki nzima nimekalia mkono mmoja. Mama anajua. Siwezi kulala nyumba moja na wewe, baba. Nimejaribu kutaka. Siwezi."

Breki akafungua mdomo. Alikuwa na jibu, tena la tangu siku nyingi. Wanafunzi wasiohesabika walikaa kando yake mikono ikitetemeka juu ya usukani, na wote aliwaambia jambo moja: itaacha, ukizoea. Neno likafika kwenye ulimi. Ndipo akaona kwamba cha kuzoewa hapa si barabara, ni yeye, na huyu alishajaribu kumzoea kwa miaka kumi na tisa.

Akafunga mdomo. Alitaka kuishika ile mikono ili itulie, akainua wake nusu, akaona ya binti inavyozidi. Akaurudisha. Akapiga hatua moja nyuma, kisha ya pili, akasimama pale mikono ya binti yake ilipoanza kupungua kutetemeka, na hapo hapo akabaki.